Sambaza Nyuma ya Jiwe

Nichekeni, lakini polepole. Nachunga aquarium, tangi ya vioo ya mayi ya chumvi, ku hoteli moja ya Goma: samaki tatu za bahari katikati ya matumbawe. Patron, mwenye hoteli, alikataza kuzipa zaidi ya unga kidogo wa pakiti. Lakini kwetu mugeni wa mbali halali njaa, kwa hiyo kila asubuhi nilizitupia sambaza, visamaki vidogo vya ziwa, kwa siri.

Kisha patron akapima mayi. "Papa Janvier, nitrate, sumu ya uchafu, iko juu. Kuna kitu kinaoza humu. Ishushe, ama samaki zitakufa."

Nikabadilisha mayi, nikaosha filtre ya kuchuja. Nitrate ikapanda tu, samaki mbili zikakufa. Chakula kuwa uchafu? Kichwa changu kigumu hakikuwaza hivyo. Nikamushitaki Mama Faida, mupishi: "Ni yeye anamwaga mabaki humu." Akafukuzwa.

Jana alirudi kuchukua kitenge chake. Samaki ya mwisho ilikuwa inaelea tumbo juu, na patron alikuwa anatoa nyuma ya jiwe konzi ya sambaza zilizooza.

"Hizi zimetoka wapi?"

Mama Faida aliniangalia bila hasira. "Ni zile nilikuwa ninamupatia Papa Janvier kila asubuhi. Aliniambia watoto yake hawana chakula."