Mgeni wa Chini ya Mbavu

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, nilikuwa sijui kutofautisha njaa na woga. Vyote viwili nilivisikia mahali pamoja, chini kidogo ya mbavu, na vyote nilivipa jina moja: tumbo. Nikikaripiwa, tumbo. Nikichelewa kula, tumbo. Siku kuku wangu alipochinjwa kwa ajili ya wageni, nilimwambia mama tumbo linaniuma. Akanipikia uji, nikaunywa wote huku nikishangaa kwa nini siponi.

Ndivyo nilivyokuwa niliposhikwa mkono kutoka kwetu Temeke nikapelekwa Kinondoni kwa Shangazi Zena, dada yake baba. Shangazi hakujaliwa mtoto, na sisi nyumbani tulikuwa wengi. Wakati ule wa Mwingereza jambo kama hilo halikuhitaji kikao; kaka alimpa dada yake mtoto, na nguo za mtoto zikafungwa kwenye kanga. Niliambiwa nimwite Mama, nami nikamwita. Sikulia hata kidogo, na majirani wakanisifu kwamba ni mwepesi wa kuzoea.

Kisha kitu kikaanza kutembea tumboni. Kilipanda asubuhi jirani alipokaanga vitumbua, kikapanda tena Shangazi aliponisuka nywele, kikafika kooni na kurudi chini. Chakula kikawa hakipiti. Shangazi alisema ni mchango wa tumbo, akanichemshia mizizi. Haikusaidia. Akaninywesha haluli, nikashinda chooni siku nzima, na kitu kikabaki palepale. Nilikonda mpaka gauni likawa linaning'inia. Mwanamke yule alikuwa na hofu kubwa, sasa naijua. Alikuwa amemsubiri mtoto tangu aolewe, na sasa mtoto mwenyewe anamwishia mikononi.

"Huyu ana pepo," jirani akasema. "Haluli ya nini kwa pepo? Mwite Bi Tatu."

Bi Tatu alikuwa fundi wa kupunga pepo pale mtaani, mwanamke mnene aliyependa kahawa kuliko maneno. Alikuja baada ya alasiri. Kwetu sisi watu wa pwani pepo hafukuzwi hivi hivi. Ni mgeni aliyejichagulia kiti, na kiti ni wewe mgonjwa. Anafukizwa ubani, anaulizwa kwa heshima anataka nini, na akishataja anapewa. Wengi hutaka pete, marashi, au kilemba chekundu. Shangazi alikuwa ameshajiandaa. Ameshika pete ya fedha mkononi, na halua iko kwenye sahani.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Anakaa wapi?"

Nikamwonyesha chini ya mbavu. Wakanifunika kaniki gubigubi, chetezo kikasogezwa karibu na magoti yangu, moshi ukanijaa puani.

"Karibu mgeni," Bi Tatu akasema, na hakuwa anasema na mimi. "Unataka nini? Sema, hapa ni kwenu."

Niliogopa kwamba hamna pepo yeyote, na kwamba nitamwaibisha Shangazi mbele za watu baada ya taabu yote ile.

"Wewe usimjibie," Bi Tatu akaniambia. "Mwache aseme mwenyewe. Msikilize tu."

Basi nikamsikiliza. Sikuwahi kuambiwa hivyo. Tumbo langu lilikuwa kitu cha kunyweshwa dawa, halikuwahi kuulizwa swali. Kile kitu kikaanza kupanda. Nilikifuata kikipita kifuani, kikikaza koo, kikichoma macho, na safari hii sikukimeza. Kikatoka na sauti yangu mwenyewe.

"Nataka mama."

"Mama si mie hapa, mwanangu," Shangazi akasema haraka.

"Mama wa Temeke."

Hapo ndipo nilipolia, tena kilio cha kupaliwa, mpaka wakaivua kaniki nipate hewa. Bi Tatu akachukua kikombe chake, akasema mgeni ameshataja. Hakuna aliyebishana. Lau ningesema mimi, ningeambiwa ninadeka na nitazoea. Lakini lilikuwa ombi la pepo, na pepo hanyimwi.

Kesho yake asubuhi Shangazi alinirudisha kwa miguu. Njiani alisimama kila mara, akajifunga kanga ya pili kifuani na kuikaza.

"Kifua kinanibana," akasema. "Upepo tu huu. Nililala dirisha wazi."

Tulipofika akamwambia mama, "Wifi, mtoto wako huyu. Mgeni wake hataki kwangu." Pete alinivisha yeye mwenyewe, kwenye kidole gumba maana kwingine ilipwaya. Hakukaa hata kunywa maji.

Nimezeeka sasa, na sibishani na mtu kama pepo wapo au hawapo. Mpaka leo jambo likinipata mwili wangu ndio unaotangulia kujua, na jina la jambo hunijia baadaye. Huwa nakaa kimya nauliza, kama nilivyofundishwa chini ya kaniki. Wanangu wakiniona nimesimama jikoni na mwiko mkononi, hudhani nimesahau chumvi.

Ila Shangazi hakuulizwa na mtu. Kifua kile kilimbana miaka na miaka. Alikunywa tangawizi, akajichua mafuta ya karafuu, na kila nilipokwenda kumsalimia nilimkuta na kanga yake kaikaza. Siku moja, nimeshaolewa, tumekaa mkekani, nikamwekea mkono palepale kifuani, nikasema nusu kwa utani:

"Karibu mgeni. Unataka nini?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akautazama mkono wangu kwa muda.

"Nilitaka ubaki," akasema.

Nikamwambia kwamba nilimpenda, na kwamba siku zile sikuwa na namna ya kujua wala kulisema hilo. Akaifungua kanga, akaikunja polepole, akainuka kuelekea jikoni. Kutoka huko akaniuliza kama nimekula. Nikajisikiliza kwanza, kama kawaida yangu. Haikuwa njaa. Nikamwambia alete, na nikala mpaka sahani ikaisha.