Waya wa Resho

Fundi wetu wa resho, yale majiko madogo ya umeme, hapa karibu na soko la Bunia, hazungumzi sana na watu. Anazungumza na waya. Anauzungusha kwenye spoku ya baiskeli, mizunguko imebanana kama meno ya kitana, huku ananong'ona: "Polepole, mama, usikatike." Kisha anauvuta kidogo kidogo na kuulaza ndani ya mfereji wa udongo, kwa vidole vilivyojaa makovu ya moto. Juma ambalo mjukuu wangu alizaliwa kabla ya wakati, resho yangu iliungua. Mtoto alihitaji chupa za maji ya moto za kumpasha joto, na barabara ilikuwa imefungwa, waya haupatikani sokoni. "Enda, mama, utarudia saa kumi," fundi aliniambia. Niliporudi, resho yangu ilikuwa inawaka nyekundu. Nikashukuru, nikageuka, ndipo nikaiona resho yake mwenyewe pembeni: mfereji mtupu, na birika baridi juu yake.

Mtoto sasa anatambaa. Barabara ilishafunguliwa, resho ya fundi inawaka tena, lakini kila asubuhi maji yangu ya kwanza ni ya chai yake. Anaionja, anakunja uso. "Sukari iko kidogo, mama," anasema, na kikombe anakimaliza.