Mwamba wa Mshona Nyavu

Sikuupima ule mwamba wa Ziwa Basotu. Kwa miaka mingi nimesema niliupima, tena mara tatu, na nimewakaripia wachoraji chipukizi waliothubutu kuuliza. Sasa nimestaafu kwa hiari, ninalima maharage kijijini Nambis, na maharage hayaulizi maswali. Naona ni wakati mzuri wa kusema kweli.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ramani mjini Mbulu nilifika na shahada ya jiografia ndani ya bahasha na viatu visivyofaa kwa matope ya mwezi wa nne. Mpima Mkuu, mtu wa Bukoba aliyevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi yetu, hakuifungua bahasha. Alinisimamisha mbele ya ramani ya zamani ya bahari iliyokuwa ukutani. Nani aliileta huku milimani, mbali na pwani kiasi hiki, hakuna aliyejua.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma majina ya bandari.

"Hayo hata mtalii anasoma. Soma namba."

Namba zilikuwa zimetapakaa kwenye maji kama ulezi uliomwagika. Kila moja, akanieleza, ni kina kilichopimwa kwa bildi, yaani kamba yenye risasi nzito mwishoni, inayoshushwa hadi iguse chini. Walihesabu kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Chini ya risasi walipaka mafuta ili ipande na mchanga au tope, wajue nanga itashika wapi. Pasipopimwa paliachwa peupe. Ramani yenyewe ilichongwa kwanza kwenye bamba la shaba, herufi zote kinyumenyume, ndipo ikapigwa chapa. Ukipitisha kidole pembeni ya karatasi unausikia ukingo uliobonyezwa na bamba. Wakikosea, waligonga bamba kwa nyuma hadi kosa liinuke, wakalisugua, wakachonga upya. Hilo la kugonga kwa nyuma lilinifariji sana, kwa kuwa nilikuwa nimeshamwaga wino mara mbili kabla ya chai.

Karibu na kisiwa kimoja palikuwa na msalaba mdogo na neno fupi la Kiingereza pembeni. Maana yake ni "umeripotiwa". Nahodha fulani amesema hapa kuna mwamba, lakini mpimaji bado hajafika.

"Watu hawa walisafiri miezi kwa tanga na bado waliona haya kudanganya," akasema Mpima Mkuu. "Wewe utakayepanda basi la Katesh usinidanganye."

Nilimdanganya mwaka wa tano. Nilitumwa Hanang kupima Ziwa Basotu, kwa sababu kata ilikuwa inasubiri boti ya injini ya kuvusha wagonjwa na magunia, na ilitaka kujua njia salama. Bildi niliitengeneza mwenyewe kwa kamba ya katani yenye mafundo, na chini yake nikapaka samli ya sokoni Mbulu. Wavuvi waliniuliza kama ninampikia samaki kabla ya kumtoa. Ili kujua niko wapi nilipima pembe kati ya kilele cha Hanang na paa la kanisa. Kazi ilikwenda vizuri hadi siku ya mwisho, kilipobaki kipande kimoja katikati ya njia iliyokusudiwa. Viboko wakakaa hapo. Mwenye mtumbwi akasema shahada yangu haimhusu, yeye ana watoto.

Nikarudi ufukweni, na hapo ndipo Mama Sesilia aliponiita. Alikuwa akishona nyavu za karibu mitumbwi yote ya upande ule.

"Msomi, hapo unapopaogopa kuna jiwe linalokata nyavu."

Nikamwambia wavuvi wanasema ni viboko wanaochana nyavu. Akacheka, akanitandikia nyavu mbili magotini. Kiboko, alisema, anapasua wavu popote na kuuburuta. Huu mwingine umekatwa upande mmoja tu, kuanzia risasi za chini hadi karibu na vielea vya juu, na kila unaokatwa hivi umetegwa pale pale. Wanaume wanaliona ziwa. Yeye anauona wavu ukirudi. Nikakadiria kwenye nyuzi alizozifunga: kutoka vielea hadi mkato ulipoishia ni nusu pima, basi jiwe lilikuwa nusu pima chini ya maji.

Niliporudi Mbulu na ramani, Mpima Mkuu aliiona namba hiyo mara moja. "Umepima?"

Ningeweza kuchora ule msalaba na kuandika "umeripotiwa". Nilikuwa nimeupita ukutani kila asubuhi kwa miaka mitano. Lakini ningeulizwa nani ameripoti, na msomi mzima kusema ni mshona nyavu niliona aibu.

"Nimepima."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Boti ilipokuja ilipewa njia ya kuzunguka. Wenye haraka walinung'unika, wakaiita njia ya msomi. Nilihamishiwa Katesh, nikawa Mchoraji Mkuu, nikawafundisha wengine kwamba namba usiyoipima usiiandike. Nililisema hilo kwa sauti kubwa.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba Emanueli, mpimaji niliyemfundisha mwenyewe, yuko Basotu na mashine ya kupima kina kwa mwangwi wa sauti. Kama mwamba haupo, wagonjwa wamezungushwa miaka yote kwa uongo wangu, na hakuna atakayeziamini namba zangu nyingine. Nikapalilia maharage ambayo hayakuwa na magugu. Simu ikalia nikiwa shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema tu."

"Upo. Sentimita themanini na kitu chini ya maji, jiwe kali kama kisu. Ramani yako imekosea kidogo tu, upande wa mashariki. Mama, mimi mwenye mashine nimeutafuta siku mbili. Wewe uliupimaje kwa kamba?"

Ilikuwa rahisi kumwambia, "Mara tatu."

"Sikuupima, Emanueli. Niliambiwa na Mama Sesilia, mshona nyavu. Nilipaswa kuandika hivyo."

Upande wa pili nilisikia upepo wa ziwa, na mtu akicheka mbali. Nikangoja aniambie ninachostahili.

"Bado anashona," akasema. "Yuko hapa ufukweni, ndiye aliyenionyesha. Ngoja nimuulize jina lake kamili, niliandike pembeni ya mwamba."