Kichuguu cha Felista

Tangu baridi ya Juni iingie na manyunyu yake, Felista alikuwa hamwamini mtu. Kila akipanda kwenye kichuguu chake, kule juu ya bustani za kabichi, alikuta kuna aliyemtangulia: majani yamekanyagwa, uyoga umeng'olewa. Kichuguu hicho alionyeshwa na mama yake, na mama alionyeshwa na bibi. Ni siri ya ukoo, mkwe haambiwi. Na Felista, kwa bahati mbaya, alizaa wavulana watupu, hakuwa na binti wa kumwonyesha.

Wa kumshuku hakuwa mbali. Esther, mke wa mwanawe Fidelis, siku hizi aliamka mapema mno, akarudi khanga imelowa umande. Tena wiki iliyopita alimwaga sufuria nzima ya uyoga, eti mboga imeungua. Felista aliinusa sufuria ile. Haikunuka moshi hata kidogo.

"Huyu ana lake jambo," alijisemea.

Basi asubuhi moja, akitoka kuchuma kwingine na kikapu chake, akajibanza nyuma ya mgomba karibu na kichuguu. Esther akaja, akainama, akang'oa uyoga hapa na pale na kuutupa korongoni. Anautupa! Roho mbaya ya namna gani hii?

"Nimekukamata, mwizi wewe!"

Esther alishtuka, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Kaa nayo shikamoo yako! Unataka wateja wangu wa soko la Mafiga wanikimbie?"

"Hilo ndilo ninaloliogopa, mama. Nilikufuata nikapaona hapa." Akageuza uyoga mmoja. "Tazama huku chini, kijani. Huu ni wa sumu. Ule mzuri nimekuachia, ule pale. Na wiki ile, uliouleta nyumbani ulikuwa na huu ndani yake."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje, mama, kukwambia kwamba huoni vizuri?"

Felista akausogeza uyoga hadi puani. Aliona weupe. Akauelekeza kwenye mwanga, akaona weupe vilevile. Miaka yote watu wa mjini walinunua kwake bila kuuliza, wakawapikia watoto wao. Akaketi kwenye majani mabichi.

Baadaye akavuta kikapu alichokusudia kupeleka sokoni mchana huo. "Na humu?"

Esther alichambua mmoja mmoja. Alitupa zaidi ya nusu.

"Huu umeuchuma wapi, mama?"

Felista akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ng'ambo ya mto, kuna kichuguu kingine," alisema. "Nishike mkono, nikakuonyeshe."