Vidole Vitano kwenye Kava ya Tapeti

Mkuu wa kituo chetu cha afya aliamini kwamba kitu kikishapakwa rangi kimepona. Mimi nilikuwa dereva wa Landrova ya kubebea wagonjwa huko Kishapu, mwishoni mwa miaka ya sabini. Sabuni ilikuwa inatafutwa kwa tochi, lakini akitangazwa mgeni wa serikali, chokaa na rangi vilipatikana siku hiyohiyo. Mawe ya njiani yalipakwa, miti ikavalishwa soksi nyeupe. Ng'ombe mmoja aliyeegemea mti wenye rangi mbichi aliondoka na ubavu mweupe, na mkuu akataka kujua ni wa nani.

Safari hii ilisemekana mgeni anayekuja ana tabia ya kufungua boneti na kuchungulia injini. Nani alisema, hatukujua. Mkuu alikuja mbio kwenye kibanda cha bati tulichokiita gereji, akainua boneti mwenyewe, akakutana na kava ya tapeti, lile bati refu linalofunika injini kwa juu. Lilikuwa limeganda oili na vumbi.

"Nini hii?"

"Kava ya tapeti, mzee."

"Na mgeni aione hivi? Ipake rangi."

Nikamwambia kwamba breki hazishiki mpaka nizikanyage mara tatu, labda tungeanza na hizo.

"Breki zinaonekana?"

"Hazionekani, mzee."

"Basi."

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza tuliwazika siku walizozaliwa. Muuguzi wa kituo alikuwa ametuambia waziwazi kwamba huyu azaliwe hospitali ya Shinyanga, na uchungu ukianza tu tuondoke. Gari lilikuwa hilo moja na dereva wake nilikuwa mimi. Nilijiona mtu mwenye bahati, mjinga mimi.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, siwezi kusema uongo. Nilifungua nati tatu, nikaibandua polepole kwa kisu cha jikoni gasketi inayozuia oili isivuje, maana ikichanika nyingine sijui ningeipata wapi. Tapeti nilizifunika kwa khanga kuukuu ya mke wangu vumbi lisiingie. Kava nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa. Rangi ilikuwa ya fedha, iliyobaki kwenye kopo la kupakia mlingoti wa bendera. Mkuu akakagua, akaigeuza, akauliza mbona ndani sijapaka. Nikasema rangi ya ndani itabanduka iangukie kwenye oili. Alinitazama kana kwamba nilikuwa nikimficha kitu.

Halafu akaanza kuogopa vumbi. Akaamuru kava ikaukie ofisini kwake, juu ya meza yake, madirisha yamefungwa, mpaka kesho asubuhi. Yeye mwenyewe akawa anaandikia magotini.

Saa saba mchana mama mkwe wangu akafika. Kwa Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na yule mama aliishika mila kwa mikono miwili. Alisimama nyuma ya ukuta wa ofisi, akauambia ukuta kwa sauti ya kusikika sokoni:

"Ukuta, mwambie huyo baba kwamba ng'wanone, mwanangu, ameshikwa na uchungu!"

Nilikuwa mlangoni kwa mkuu kabla hajamaliza.

"Shikamoo, mzee. Mke wangu ameshikwa. Naomba kava."

"Marahaba. Rangi haijakauka."

"Mzee, bila kava oili yote itaruka nje. Gari haliendi."

"Ndiyo hivyo, haliendi. Uchungu una kawaida ya kuchukua muda."

"Hii ni mimba ya tatu, mzee. Wawili wamekufa."

"Basi ana uzoefu."

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, mengine nimeyasema mwenyewe. Hilo sijamsamehe hadi leo. Niliweka mkono wangu wa kulia juu ya kava, rangi ikanata kama asali, nikaibeba. Nyuma yangu akapiga kelele, "Vidole! Vidole vyako!"

Niliondoa khanga, nikapaka grisi kwenye gasketi, nikailaza, nikashusha kava na kukaza nati kwa kiasi, maana ukikaza kwa hasira bati linapinda na oili inavuja. Mke wangu akakaa mbele. Mama mkwe akakaa nyuma akiwa ameigeukia milango, asione hata kisogo changu. Injini ilipopata moto rangi ikaanza kuiva, harufu ikajaa ndani mpaka mke wangu akatapika dirishani. Kwenye kila korongo mama mkwe aliuambia mlango wa nyuma, "Mlango, mwambie huyo baba hajabeba pamba!"

Mtoto alizaliwa Shinyanga kabla jua halijazama, wa kike, kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Mkunga aliyejua kazi yake akakizongoa, akampiga mgongoni, mtoto akalia. Nami nililia, nimeshika ukuta wa hospitali kwa mkono wenye rangi ya fedha.

Kesho yake mgeni alifika kituoni sisi tukiwa bado hospitali. Karani ndiye aliyenisimulia. Mgeni aliuliza, "Gari la wagonjwa liko wapi?" Mkuu akanyoosha mgongo: "Limempeleka mzazi Shinyanga, mheshimiwa." Mgeni akampa mkono mbele ya watu wote, akasema hivyo ndivyo gari la umma linavyotakiwa kutumika. Akala kuku, akaondoka. Boneti hakuigusa, hata ya gari lake.

Niliporudi, mkuu alinipokea kwa barua ya onyo kali, iliyopigwa chapa vizuri kabisa. Nimeihifadhi kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki ya binti yangu, na zote mbili zinataja tarehe ileile. Kwenye barua mna kava, mna rangi mbichi, mna ujio wa mgeni, mna alama za vidole vitano. Nimeisoma mara nyingi nikimtafuta mtoto, na hayumo.