Mpishi wa Watoto Mia Nne

Baba alirudi nyumbani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na sanduku moja, redio isiyo na betri, na mwiko mrefu kunizidi mimi kimo. Nilikuwa barazani kwa mama nashona sketi. Nilipomwona anaingia uani ameubeba begani nilidhani ametuletea kasia, na sisi huku hata mto wa maana hatuna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Na hilo dude ni la nini?"

"Zawadi. Shule imeniaga nalo." Akausimamisha mwiko ukutani taratibu, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama.

Niseme ukweli, sikufurahi kama inavyompasa binti kufurahi. Baba alipika katika shule moja ya bweni miaka thelathini na mmoja, safari ya siku nzima na nusu kutoka hapa. Alikuja nyumbani likizo ndefu tu, mara moja kwa mwaka, analala wiki ya kwanza, anatengeneza paa wiki ya pili, ya tatu anafunga sanduku. Watoto watano mama alitulea kwa jembe na kwa ulimi wake. Wenzangu wako mbali na familia zao. Mimi, kitinda mimba, niliolewa nyumba ya pili kutoka hapa, na mchana nashonea baraza la mama kwa sababu lina mwanga mzuri. Kila mtoto wa ile shule alikula mkono wa baba yangu mara tatu kwa siku, lakini mimi, damu yake, sikumbuki kama aliwahi kunikaangia hata yai. Niliwaonea wivu watoto nisiowajua hata sura.

Kilichomrudisha ni ugonjwa wa mama. Homa ya mapafu ilimlaza wiki tatu katika hospitali ya mjini, akarudi mwepesi, kanga inamzunguka mara mbili na inabaki. Aliapa kwamba pale harudi tena. Nesi wa zahanati yetu, dada mpole lakini hacheki na kazi, alimpandisha kwenye mizani akasoma kilo arobaini na moja.

"Ugonjwa umeisha, mama. Kilichobaki ni kula," alisema. "Kila baada ya wiki mbili njoo nikupime. Ukishuka chini ya arobaini, sina ujanja, naandika barua urudi kulazwa."

Tulipomsimulia baba akacheka, mikono kiunoni. "Kula? Kula tu? Basi mmenirudisha kazini kwangu. Nimenenepesha watoto mia nne, nitashindwa na mtu mmoja?"

Akafunga kitambaa kiunoni siku hiyo hiyo.

Kazi aliiweza, hilo simnyimi. Alfajiri amekwenda kisimani, amerudi, amekwenda tena. Alijaza mtungi, akajaza ndoo zote, akajaza na beseni langu la kulowekea vitambaa. Mama alitoka akatazama maji yale yote yamepangwa ukutani.

"Baba Watoto, nani anaungua?"

Kuni alipasua hadi zikafika dirishani. Alipotumwa mashineni kusaga, alirudi na nusu gunia la unga kichwani, akasema utatusukuma wiki moja. Mama alishika shavu. "Wiki! Huo mimi nakula mpaka mvua zije, zichoke, ziondoke."

Mambo yaliharibika kwenye chungu. Mkono wa baba ulikuwa umezoea kupima kwa debe. Chumvi ya watoto mia nne aliijua kwa magumi, magumi manne, lakini ya mtu mmoja ilimtoa jasho. Nilimkuta na penseli nyuma ya sikio, amegawanya kwenye kipande cha boksi mpaka akapata sehemu ya gumi ambayo hakuna binadamu anayeweza kuishika. Akakunja kipande cha boksi, akatia gumi moja. Uji alioupika asubuhi ya kwanza ulifurika, ukazima moto, ukaingia sufuria ya pili. Kisha akachukua kifuniko, akakigonga kwa upawa mara tatu, akapaza sauti iliyovuka nyua tano:

"Chakula tayari! Foleni!"

Jirani yetu, Mama Mapacha, alikuja mbio na bakuli akidhani kuna msiba. Wakaja na wengine. Walipanga foleni kweli, wakacheka, wakanywa, na tangu siku hiyo jina likawa Mzee Foleni. Hata kuku walijifunza. Siku ya nne akigonga kifuniko wanakuja mmoja nyuma ya mwingine.

Majirani walinenepa. Mama hakunenepa. Baba alimjazia sahani mpaka maharage yakawa yanateremka pembeni, na mama anaitazama sahani ile kama mtu aliyeonyeshwa shamba akaambiwa alilime peke yake leo leo. Anakula vijiko vitatu.

"Mbona huli?" baba anauliza. Amesimama mlangoni, kitambaa begani.

"Nakula."

"Hujala wewe, umeonja."

"Basi nimeshiba."

Baba anaichukua sahani. Anakwenda nyuma ya jiko, anakula kilichobaki wima, kwa upawa, haraka, kisha anapitisha kidole kwenye sufuria. Nilimwuliza siku moja kwa nini hakai. Alishangaa swali lenyewe. "Mpishi hali na watu, mwanangu. Mpishi anakula wote wakishamaliza, na wakishamaliza kengele inalia."

Wiki mbili zikaisha. Nesi alimpandisha mama kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena. Kilo arobaini na nusu.

Hakumlaumu mtu. Alimwangalia baba tu, akasema, "Imebaki nusu kilo niandike ile barua, mzee." Njiani baba alibeba mkoba wa mama, na mkoba haukuwa na kitu zaidi ya kadi ya zahanati na leso. Mama alitembea mbele, mgongo wima, kama anayetaka barabara yote ione kwamba hana haja ya kulazwa. Lakini alisimama kupumzika mara nne. Zamani njia ile aliipita na tenga la mihogo kichwani huku anagombana na mtu.

Tulipofika baba alikuja kukaa karibu na cherehani yangu, juu ya rundo la kuni.

"Mwanangu, nakosea wapi?"

Ningeweza kumjibu vizuri. Lakini mimi nina hasira za mama, na hasira zile zilikuwa na umri wa miaka mingi.

"Unakosea kwa sababu humjui. Miaka thelathini na mmoja, lini ulimwona mama akila? Anapenda nini? Anaanza na mboga au anaanza na wali? Wewe unawajua wale wako."

Alitoa ile penseli nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, nikashona mshono mzima bila uzi ndani ya sindano. Niliona aibu sana, tena nilistahili kuiona.

Kesho yake hakugonga kifuniko. Alimfuata mama kitandani akamwambia, "Mama Watoto, nifundishe." Mama akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alijikokota hadi jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kumwamuru. Kikombe kimoja, kile chenye sikio lililovunjika. Maji mpaka hapa, pa kidole. Chumvi kwa vidole viwili, si kwa gumi, unataka kunihifadhi kama samaki? Mwiko mdogo, ule wa kwako unaugusa mpaka wa jirani. Na baba, aliyewafokea wapishi wasaidizi kumi na wawili, akawa anaitikia "sawa" na "ndiyo" na "hivi?" Nilikuwa nasimama dirishani na nguo mkononi kama nina shughuli hapo. Nilipenda kuwaangalia, na sikupenda waone kwamba napenda.

Chakula kikawa kizuri, tena kidogo, cha kutazamika. Mama akala vijiko sita, saba. Nusu ikabaki. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mizani.

Mchana mmoja baba alipakua, akampa sahani, akaenda kusimama pale pale mlangoni, kitambaa begani. Mama akaweka kijiko chini.

"Baba Watoto, unangoja nini hapo?"

"Nangoja umalize."

"Ukinisimamia hivyo, kwangu hakipiti. Najiona nakula kwa zamu, na nyuma yangu kuna watu."

"Basi nitoke nje."

"Nani kakwambia utoke?" Sauti yake ilikuwa na ukali, lakini ilitetemeka mwishoni. "Nimekula peke yangu toka huyu aolewe. Kila siku. Nikawa nasema, akirudi mwenyewe nitakula na mtu. Umerudi, na bado nakula peke yangu, tofauti ni kwamba sasa naangaliwa. Kaa."

Pale dirishani nilishika nondo. Miaka yote ile nilikuwa namletea mama sahani kutoka kwangu, naiweka, nafunika, narudi kwenye cherehani. Nilijua nimemaliza wajibu wangu. Baba nilimhukumu, na mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale.

Baba aligeuka kulia, akageuka kushoto. Jikoni kulikuwa na kigoda kimoja tu, na mama alikuwa amekikalia. Tulipokuwa watoto vilikuwepo sita. Kila mtu alipoondoka, kigoda chake kilivunjika baadaye kwa wakati wake, kikaingia motoni, na hakuna aliyeona haja ya kutengeneza kingine.

Alijaribu kuchuchumaa, magoti yakalia. Akapindua ndoo, akaikalia na sahani mkononi. Ndoo ikateleza, mzee akaenda chini na maharage yake, miguu juu. Mama akacheka. Hakuwa amecheka tangu hospitali. Alicheka mpaka akakohoa, akajipiga kifua, akaniita, "We mshona nguo, toka dirishani, njoo umwokote baba yako!"

Alasiri ile baba alichukua mwiko wake ukutani akaenda nao kwa seremala. Nilikwenda naye, nina suruali ya seremala niliyoitia kiraka. Fundi aliugeuza mwiko mikononi, akaona herufi zilizochomwa kwa chuma kwenye mpini: ASANTE MPISHI WETU.

"Mzee, huu mti mgumu, tena ni zawadi. Nikate kweli?"

"Kata. Nataka miguu mitatu ya kigoda. Kalio tafuta popote."

"Na haya maandishi?"

Baba alifikiri kidogo. "Yaache kwenye mguu mmoja. Yatasomwa na kuku."

Akashika upande mmoja, fundi akapitisha msumeno. Msumeno ulipoingia baba alitazama pembeni, akajifanya anahesabu mbao. Kalio lilitoka kwenye ubao wa kitanda kikuukuu. Ule ubapa uliobaki na mpini mfupi ukarudi jikoni, na hata hivyo ulikuwa bado mkubwa.

Kuanzia siku ile wakala pamoja, magoti yakikaribia kugusana. Mwanzoni baba alimaliza sahani kabla mama hajakoroga yake. "Kengele imelia?" mama anamwuliza. Ili kumchelewesha, akawa anamsimulia. Alimsimulia mwaka ng'ombe wa jirani alipotumbukia kisimani akatolewa kwa kamba za harusi. Alimsimulia kaka yangu alivyofukuzwa shule na kurudishwa, jambo ambalo baba hakuwahi kuambiwa. Alimsimulia usiku niliozaliwa. Baba anasikiliza, kijiko kimesimama hewani, "Kumbe!" "Ikawaje?" na mama, akinogewa na maneno, anachota, anatafuna, anachota, bila kujua. Siku ya tano nilisikia kijiko kinakwangua sahani tupu. Nilitazama, kilikuwa cha mama.

Kule zahanati, nesi alisoma mizani, akainama asome vizuri.

"Arobaini na mbili! Mzee, umempa nini huyu?"

Baba akavuta pumzi, akapanua kifua. "Kwanza unachukua kikombe kimoja, chenye sikio lililo..."

"Hajanipa kitu," mama akamkata. "Amekaa."

Nesi hakuelewa. Aliandika namba kwenye kadi, akamwita mwingine. Tulipopita kwa seremala, mama alisimama, na safari hii si kwa kuchoka.

"Fundi, nina mwingine hapa. Kila mchana anasimama dirishani anakula kwa macho. Mtengenezee na yeye."

Nikasema mimi sili, mimi nina kwangu, mimi nina nguo za watu. Hakuna aliyenisikiliza. Keshokutwa yake kigoda cha tatu kilikuwa jikoni, kifupi, kimeinama kidogo upande mmoja. Baba alichukua kikombe chenye sikio lililovunjika akapima vitatu badala ya viwili, akakosea chumvi kwa sababu ya mtu kuongezeka, akanipakulia. Nina miaka ishirini na tisa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kupikiwa na baba.

Chumvi ilikuwa imezidi. Nikamwomba aniongeze.