Bondia Anayekwepa na Kiti cha Kabini

Barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano, na sisi tuliokwama Mubi tulishinda kwenye duka lenye jenereta, tukitazama kaseti ileile ya ngumi. Bondia mmoja aliangusha watu kama migomba. Mwingine aliachia mikono chini, akajikunja nyuma kama anayeepusha macho na moshi wa jikoni, na hakuguswa. Hawakuwahi kukutana ulingoni, basi tukawapiganisha sisi kwa midomo.

Asubuhi risasi ziliponyamaza, lori moja likapakia bidoni, yale madumu, za mafuta ya mawese. Juu ya mzigo nafasi ilikuwepo. Ndani ya kabini kilibaki kiti kimoja tu. Mimi, mzaliwa wa Karuba, nilikihitaji kweli. Nilikuwa naenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, nimevaa shati jeupe la kaka yangu, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti. Mama mmoja muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, alikitaka pia. Dereva, mtu wa Butembo aliyependa ngumi kuliko chakula, akasema atakayemshawishi kwamba bondia wake ndiye bora ndiye atakayekikalia.

"Huyu bondia wako, mikono yake iko wapi?" akaniuliza.

"Iko kwa magoti, Papa."

"Anapigana ao anatafuta viatu?"

Watu wakacheka. Mama akadakia: "Wangu akipiga ngumi moja tu, njo mwisho. Wako atakwepa mupaka wapi?"

"Mupaka mwenzake achoke, Mama. Nipige basi, uone."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kabini. Mama akachomoa kayabu moja, kavu kama ubao, akaivurumisha. Nikajikunja nyuma. Akarudia, nikateleza pembeni, mikono kwa magoti. Kelele zikapanda, hata wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walisogea kutazama. Nilikwepa, nikarudi nyuma, nikakwepa tena, mpaka nikafika kwenye magurudumu ya nyuma, shati bado jeupe. Nikainua mikono kushangilia.

Mama alikuwa ameshapanda kabini na kufunga mlango.

"Umeshinda, kijana," dereva akasema. "Hakukugusa hata kidogo. Panda juu."

Mvua ilitukuta kabla hatujauacha mji vizuri. Bidoni moja ilikuwa inavuja. Jioni nilisimama mbele ya baba wa mchumba wangu, mwekundu kuanzia kola hadi mkanda, nikinuka mawese.

"Mwanangu," akasema kwa huruma, "nani amekupiga hivi?"

"Hakuna muntu, Papa," nikajibu. "Hakunigusa hata mara moja."